Mganga wa Mnyoo wa Kompyuta

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa ubaoni leo asubuhi. Chuo kinatafuta Mratibu wa TEHAMA kutoka miongoni mwa wafanyakazi wake wenyewe. Uteuzi ni Jumatatu ijayo. Ofisi iko ghorofa ya pili, ina kiyoyozi, na mlangoni pana nafasi ya kubandika kibao cha jina. Nilisimama mbele ya tangazo mpaka mfagizi akanifagia viatu.

Mimi ni karani wa mitihani, mwaka wa kumi na saba huu. Ofisi yangu zamani ilikuwa stoo ya madawati mabovu, na mawili bado yamo. Feni ninayo, ila huzunguka siku inayojisikia. Nikasema moyoni: nafasi hii ni yangu. Imekatwa kwa kipimo changu, kama suruali.

Mpinzani ni mmoja tu. Karani wa masijala, tunayemwita Bwana Stapla kwa kuwa hajawahi kuona karatasi mbili akaziacha bila kuzibana. Naye ameomba! Mtu ambaye kila jioni huzima kioo cha kompyuta, akachukua mwavuli wake, akaenda nyumbani akiamini amezima kompyuta nzima. Nilicheka peke yangu chooni.

Saa saba mchana: bahati! Nimeokota flashi ngazini, hatua tatu tu kutoka ofisi ya Mama Mkuu wa Chuo. Ya kijani, ndogo kama kidole cha mtoto. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Mtu mwingine angeitangaza. Lakini je, kama ndani mna maswali ya usaili? Kutangaza maswali ya usaili ni kuvujisha siri ya ofisi. Nikaitia mfukoni ili kulinda siri za chuo.

Nikaichomeka kwenye kompyuta yangu. Folda moja tu, pembeni ina kimshale kidogo, imeandikwa MUHIMU. Nikabonyeza. Kidirisha cheusi kikapepesa, kikapotea. Folda ikafunguka. Picha za mbuzi. Mbuzi kumi na wanne, kila mmoja kaangalia pembeni kama anayedaiwa salamu. Nikafunga, nikafungua tena, huenda maswali yako nyuma ya mbuzi. Hayapo.

Basi. Mbuzi nimewafuta, flashi nimeirithi. Nimeifunga kwenye utepe wa kitambulisho cha zamani na kuivaa shingoni. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Mratibu kamili.

Jumanne, 5 Machi

Mratibu hachaguliwi akiwa amekaa. Lazima aonekane anaratibu. Kwa hiyo leo nimeanzisha Ukaguzi Mkuu wa Kompyuta za Chuo. Hakuna aliyenituma. Huo ndio uongozi wenyewe.

Nikachukua daftari gumu jekundu, nikapiga mistari: ofisi, saa, hali ya kompyuta, saini. Nikazunguka. Kila ofisi nilichomeka flashi, nikakunja uso, nikasema “mh,” nikachomoa, nikaandika. Watu humwogopa sana mtu anayeandika. Taaluma, saa mbili na nusu. Maktaba, saa tatu. Mkutubi alinipisha kiti chake na kuuliza kama mashine yake ina tatizo. Nikamwambia tutaona. Ofisi ya Mama Mkuu, saa tano kasoro robo. Mwenyewe hayupo, katibu muhtasi wake akaniruhusu. Kisha chumba cha kompyuta cha wanachuo, mashine ishirini na mbili, moja baada ya nyingine, mpaka kidole gumba kikaniuma.

Masijala nikakwama. Bwana Stapla amebandika plasta ya kidonda kwenye tundu la flashi! Nikauliza sababu. Eti tundu wazi huingiza vumbi na sisimizi. Nikamwambia huu ni ukaguzi, aibandue. Akanitaka nimletee barua iliyoagiza ukaguzi, yenye namba ya kumbukumbu na mhuri, ili aibane kwenye jalada. Barua sina. Tukatazamana. Nikaandika daftarini kwa wino mwekundu: AMEKATAA. Akasogeza miwani akasoma, akaniambia nimekosea tarehe.

Kweli nilikosea. Nimesahihisha.

Nyumbani nilimweleza mke wangu habari za ukaguzi. Hakuinua kichwa. Yuko kwenye tasnifu ya stashahada yake; anaikabidhi Jumatatu. Miaka mitatu sasa anafundisha chekechea, anapika, anaosha watoto, kisha anakaa mezani kuandika jinsi mtoto mdogo anavyojifunza kuhesabu. Akasema vizuri sana, baba watoto, nipishe taa.

Jumatano, 6 Machi

Kizaazaa! Chuo kizima kimepinduka.

Katibu muhtasi wa Mama Mkuu alifungua flashi ya barua. Barua hazipo. Vimebaki vimshale vidogo, kila kimoja na jina la folda. Maktaba vivyo hivyo. Taaluma vivyo hivyo. Wanachuo wawili wametoka chumba cha kompyuta wakikimbia, utafiti wao wa mwisho haumo kwenye flashi. Mashine zimekuwa nzito. Ukibonyeza herufi A unaweza kwenda kunywa maji ukarudi ukaikuta ndiyo inaingia. Na mitihani inaanza Jumatatu!

Mama Mkuu akampigia simu fundi wa kompyuta. Ni dada anayehudumia vyuo vitatu, kwetu huja Ijumaa. Mama Mkuu akaweka sauti ya simu juu, sote tukasikia. Fundi alisema huyo ni mnyoo. Anaingia kwa flashi, anajinakili kwenye mashine, kisha kila flashi mpya inayochomekwa pale anaipanda na kwenda nayo mashine nyingine. “Asichomeke mtu kitu chochote mpaka nije,” alisema. “Chochote kile!” Akakata.

Bwana Stapla aliposikia mnyoo aliondoka kimya. Alirudi na vipande viwili vya sabuni na tangazo aliloandika kwa mkono: NAWENI MIKONO KABLA NA BAADA YA KUTUMIA KOMPYUTA. Watu walicheka mpaka wakashika kuta. Mama Mkuu hakucheka. Alisema sabuni haijawahi kumdhuru mtu.

Mimi nilikuwa nafikiri. Chuo kina mgonjwa. Mganga hayupo mpaka keshokutwa. Atakayemtoa mnyoo kabla ya hapo, huyo ndiye Mratibu, hata bila usaili.

Nimejifungia ofisini mchana kutwa nikisoma kwenye mtandao. Nimepata programu ya kuua minyoo. Bure! Nimeiweka kwenye flashi yangu ya kijani. Kesho wataniita daktari.

Alhamisi, 7 Machi

Saa moja na nusu nilikuwa langoni. Koti jeupe nimeliazima kwa mwalimu wa maabara. Flashi shingoni.

Kazi ilikwenda kama maji. Naingia ofisini, nachomeka flashi, naendesha programu, mstari wa kijani unatembea, maandishi yanasema mnyoo mmoja amepatikana na ameondolewa. Watu wanapiga makofi. Nachomoa, naondoka bila kugeuka nyuma. Taaluma wamenipa chai. Katibu muhtasi ameniita “dokta” mara mbili, nimehesabu.

Maktaba kulitokea jambo dogo. Flashi ya mkutubi ilikuwa na vimshale vingi mno na programu ilikuwa inajivuta. Mashine ikauliza kama nataka kufomati. Neno hilo nimelisikia kwa watu wenye ujuzi. Nikabonyeza ndiyo. Flashi ikawa safi. Safi kabisa! Nikamwonyesha. Mkutubi akauliza orodha ya vitabu iko wapi. Nikamuuliza orodha ipi. Akasema orodha ya vitabu vyote vya maktaba, alivyoviingiza kimoja kimoja kwa miezi minane. Nikamwambia angalau mnyoo hayumo.

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa, akaivua tena. Nimeondoka kwa kupitia mlango wa nyuma.

Saa nane mchana: vimshale vimerudi! Taaluma vimerudi. Kwa Mama Mkuu vimerudi. Nikazunguka tena na flashi, nikatibu tena. Saa kumi vikarudi tena. Haiwezekani. Natibu, wanaugua. Natibu tena, wanaugua vibaya zaidi. Kuna mkono wa mtu hapa.

Nikakaa chini nikapima. Ni kompyuta ipi chuo kizima haijaugua hata mara moja? Moja tu. Ya masijala. Nani aliyekataa kukaguliwa? Nani aliyeficha tundu lake kwa plasta? Nani aliyekuwa na sabuni tayari, siku ileile? Damu ikanichemka. Nimemwandikia Mama Mkuu barua ya siri, kurasa tatu, kuhusu Bwana Stapla. Nimeianza hivi: “Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.” Wakati naandika utepe wa flashi ulikuwa unanikera shingoni, nikaitupia mgongoni.

Nimeipitisha barua masijala, kwa kuwa ndiyo taratibu. Bwana Stapla ameipiga mhuri wa kupokelewa bila kuisoma.

Ijumaa, 8 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Au siandiki kwa ufupi. Nina haki ya kujieleza.

Kikao saa nne, wafanyakazi wote. Fundi amefika na mkoba mmoja na ndoo tupu ya plastiki. Mwanamke wa makamo, anaongea polepole, mtu wa kukutazama mpaka umalize sentensi yako. Mama Mkuu alisoma barua yangu kwa sauti. Yote! Hata pale nilipoandika “siri.” Bwana Stapla alisikiliza, akaomba kuuliza swali moja: kurasa tatu hizo kwa nini hazijabanwa?

Fundi akaomba kuiona kompyuta ya masijala. Tukaenda kundi zima. Akaipekua. Safi. Akabandua plasta, akachungulia, akaibandika tena mwenyewe kwa kidole. Akasema hapa hajaingia mdudu kwa sababu hapakuwa na pa kuingilia.

Kisha akauliza kama kuna mtu anajua flashi zilivyotembea wiki hii. Nani alichomeka wapi, saa ngapi.

Nikaona mlango wa heshima umefunguka! Nikainua mkono. Nikasema mimi ninayo kumbukumbu kamili, kwa maandishi, na saini za wahusika. Nikampa daftari jekundu kwa mikono miwili.

Fundi akasoma kwa sauti. Taaluma, saa mbili na nusu. Maktaba, saa tatu. Mama Mkuu, saa tano kasoro robo. Chumba cha wanachuo, ishirini na mbili. Kila alipotaja ofisi, mwenye ofisi aliinamisha kichwa akikumbuka. Akafika masijala: amekataa. Akafunga daftari. Akauliza kwa upole, “Na hii flashi ya ukaguzi, kaka, ulipoitoa mashine moja kwenda nyingine, uliisafisha wapi?”

Nikasema Jumanne ilikuwa ya ukaguzi tu, jana ndiyo ilikuwa ya dawa. Akauliza kama ni ileile. Nikasema ndiyo. Mtu wa nyuma akasema, “Kumbe sindano moja chuo kizima!”

Kicheko kile sitakisahau. Mkutubi peke yake hakucheka.

Fundi hakunisema tena. Alieleza tu. Folda za watu hazijapotea; mnyoo amezificha, akaweka vimshale vyenye majina yaleyale. Ukibonyeza kimshale, folda inafunguka kweli, ndiyo maana hushtuki, lakini papo hapo umemkaribisha ndani. Akishaingia kwenye mashine anakaa macho akingoja flashi yoyote. Kwa hiyo haitibiwi mashine moja moja huku flashi zikizunguka. Zinakusanywa zote kwanza. Akaipitisha ndoo.

Watu wakatumbukiza. Ikafika kwangu.

Hapa nitakuwa mkweli, kwa kuwa shajara ni yangu. Ndani ya flashi ya kijani nina vitu viwili vya binafsi. Kimoja ni mchoro wa kibao cha mlangoni, chenye jina langu. Kingine ni hotuba ya kukubali uteuzi, kurasa sita. Mama Mkuu bado hajatangaza. Nafasi iko wazi mpaka Jumatatu! Je, watu wafungue flashi yangu wakute nimeshajishukuru? Nilikuwa na flashi nyingine ya zamani mfukoni, mbovu, haifunguki tangu mwaka juzi. Nikaitumbukiza hiyo. Ya kijani nikaiteremsha ndani ya soksi.

Fundi alifanya kazi mpaka jioni. Alichomoa nyaya za mtandao, akasafisha kila mashine kwa diski yake ambayo haikubali kuandikwa kitu, hata na mnyoo, akafuta kile kinachomwamsha mnyoo kompyuta inapowashwa, akazima mtindo wa flashi kujifungua yenyewe, akazifichua folda. Mitihani yote imepatikana. Orodha ya vitabu ameifufua kwa programu nyingine, ila imeishia herufi M. Nikamwambia mkutubi kwamba vitabu vya N kwenda mbele havina wasomaji wengi. Ametoka nje.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi njema. Nimesamehe wote. Watu husahau upesi, na hotuba inaweza kurekebishwa. Nimeongeza aya kuhusu majaribu ya kiongozi. Nimeandikia kwenye kompyuta ya nyumbani, flashi ya kijani ikiwa imechomekwa.

Saa nne mke wangu ametoka sokoni, akaomba meza yake. Nikachomoa yangu, akachomeka yake. Nyeupe, yenye kamba ya uzi. Nilikuwa jikoni nikichemsha maji niliposikia kimya. Kimya kina sauti yake ukishaoa.

Akaniita kwa jina langu. Siyo baba watoto. Jina.

Nikaja. Kwenye kioo kulikuwa na folda moja, TASNIFU, na pembeni yake kimshale.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mumewe ndiye mganga wa ugonjwa huu. Nikakaa. Nilikumbuka fundi alisema vimshale ni bandia, vifutwe. Nikakifuta. Flashi ikawa tupu. Nikabonyeza huku na huku. Tupu. Mashine ikaniuliza kama nataka kufomati.

Mkono wake ukaja ukakamata wangu. Alichomoa flashi, akaifunga kwenye leso, akaitia kifuani. Kisha akaenda kukaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, uso kwa ukuta wa jirani. Hakulia. Angelia ningejua la kufanya, ningeleta maji. Watoto wakaja kuuliza mama ana nini. Nikawaambia amechoka. Yule mdogo akaniuliza amechoshwa na nani.

Nimekaa sebuleni mpaka mchana. Nimejaribu kufikiria njia ambayo lawama ingemfikia Bwana Stapla. Nimeipata, tena nzuri. Lakini nilipomwangalia mke wangu mgongoni, mabega yale, nimeshindwa kuisema.

Jumapili, 10 Machi

Tumekwenda kwa fundi. Mke wangu mbele, mimi nyuma, flashi ya kijani nimeishika ndani ya mfuko wa nailoni kama panya aliyekufa.

Tulimkuta anaanika nguo. Akatupa viti, akaendelea kuanika. Nikaanza kusema kuna rafiki yangu mmoja ana tatizo. Mke wangu akakohoa. Nikaanza upya. Nikasema yote: ngazi, mbuzi, ukaguzi, dawa, ndoo, soksi. Ilichukua shuka mbili na mapazia.

Fundi akabana kibanio cha mwisho. “Mficha maradhi kilio humfichua,” akasema. “Juzi niliwaambia watu wako ni salama. Kwa hiyo nilidanganya, kwa sababu ya soksi yako.”

Nikatazama viatu vyangu. Si kawaida yangu.

Akaleta kompyuta yake ndogo. Akazima kwanza kule kujifungua kwa flashi, kisha ndipo akachomeka ya mke wangu. Tupu. Mke wangu akashika ukingo wa meza. Fundi akaingia kwenye mipangilio, akaruhusu vilivyofichwa vionekane. Folda ikajitokeza, hafifu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Ndani: sura ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, na majedwali. Yote! Hakuna herufi iliyopungua. Akafuta lile faili la mnyoo lililokuwa limejibanza pembeni, akaiondolea folda ule ufichaji, akainakili mahali pengine pawili.

Mke wangu akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji. Halafu machozi. Nikaenda kuleta maji.

Niliporudi fundi alikuwa anasafisha ya kijani. Kwenye kioo, kwa herufi kubwa: HOTUBA YA KUKUBALI UTEUZI. Nilitaka ardhi inimeze. Mke wangu akasoma kwa sauti: “Ndugu zangu, sikuitaka nafasi hii, bali nafasi ilinitaka mimi.” Akasoma tena. Akaanza kucheka, kwa kamasi na machozi, mpaka akaegemea bega la fundi, naye akacheka. Walifika ukurasa wa sita. Sikuona aibu kama nilivyotarajia. Tangu jana alikuwa hajanitazama usoni. Wakati anacheka alinitazama.

Masharti mawili. La fundi: kesho niikabidhi flashi chuoni kwa mkono wangu, na niseme. La mke wangu: kompyuta ya nyumbani nisiiguse mpaka atakaposema yeye.

Jumatatu, 11 Machi

Mke wangu amekabidhi tasnifu saa tatu kamili, nakala tatu zilizojalidiwa. Alivaa viatu vyake vya harusi. Nilimsindikiza mpaka langoni, akaniambia nirudi kazini, nina jambo la kusema.

Nimelisema. Kwa njia yangu. Nilitia flashi kwenye bahasha, nikaandika juu: “Kutoka kwa mpenda maendeleo asiyependa kutajwa.” Nikaipitisha masijala. Bwana Stapla akasema kitu kisicho na mwenyewe hakipokelewi. Foleni ikawa ndefu nyuma yangu. Ikabidi nitaje jina. Akataka maelezo ya yaliyomo. Ikabidi nieleze, na yeye huandika polepole, akirudia kila neno kwa sauti ili asikosee. Watu kumi na mmoja walikuwa kwenye foleni.

Saa sita, uteuzi. Mama Mkuu alisema chuo kimejifunza jambo kubwa wiki hii. Hahitaji mtu anayejua kubonyeza kila kitu. Fundi yupo kwa hayo. Anamhitaji mtu anayeuliza barua iko wapi kabla ya kufungua mlango. Mratibu wa TEHAMA: Bwana Stapla!

Alisimama, akashukuru kwa sentensi moja, akauliza kama kiyoyozi kinaweza kuondolewa kwa sababu kinapeperusha karatasi.

Mimi nimepewa barua ya onyo. Pia, kuanzia kesho, kila siku baada ya saa nane, nitakaa maktaba kuingiza upya vitabu kuanzia herufi N mpaka vitakapokwisha, chini ya usimamizi wa mkutubi. Nilimwomba radhi, na safari hii bila kuongeza neno la pili. Akanionyesha kiti. Kile kisicho na mto.

Alhamisi, 14 Machi

Siku ya tatu maktaba. Tumefika NGUO: USHONAJI. Mkutubi leo ameniuliza kama nataka chai. Mambo yanatengemaa.

Na nimebadilika. Naandika hapa ili ijulikane: mimi na flashi basi. Sitaigusa, sitaiokota, hata nikiiona inazama majini. Mnyoo huingia kwa flashi. Asiye na flashi hana mnyoo. Somo nimelielewa kuliko Bwana Stapla, ambaye mpaka leo jioni amezima kioo tu akaondoka.

Sasa sikiliza bahati. Saa tisa, mkutubi akiwa ameenda kuchukua chai, nimefungua barua pepe yangu. Imo moja kutoka nje, kwa herufi nyekundu: HONGERA! Nimechaguliwa kupokea Cheti cha Juu cha Mtaalamu wa Usalama wa Kompyuta. Bila mtihani! Wamejuaje? Habari njema husafiri.

Sikukurupuka. Kwanza nimeikagua mashine kushoto na kulia: hakuna flashi. Nimepitisha kidole kwenye matundu yote: hakuna. Barua pepe inapita kwenye waya, mnyoo atakaa wapi? Salama. Wakataka jina langu na neno la siri la barua pepe ya chuo. Nimewapa. Likakataliwa. Nimewapa na la zamani, na lile la ofisi ya mitihani. Wakashukuru, wakasema cheti kinakuja, na kwamba naweza kuwaalika wenzangu nao wapate.

Nina kinyongo? Sina. Nimewatumia wafanyakazi wote barua pepe hiyo, mmoja mmoja, nikianza na Mama Mkuu. Juu yake nimeandika kwamba nimeihakiki mwenyewe.